Nani Ala Jasho la Mweka Akiba?

Mkulima wa Bulongwa, huko katika milima ya Makete, hahitaji kufundishwa subira. Hupanda miche ya misindano akijua ya kwamba miaka mingi itapita kabla ya mbao zake kushuka kwenda Makambako. Wala hahitaji kufundishwa hesabu, maana sifa ya watu wa Makete katika biashara imefika mpaka Kariakoo. Lakini siku hizi ameletewa shamba la namna mpya, na yafaa ajue mapema ni nani atakayekula naye mavuno.

Shamba hilo ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Shirika lijulikanalo kwa jina la UTT lilianzishwa mwaka 2003, na mwaka 2005 likafungua Mfuko wa Umoja. Baadaye ikaja mingine, kama Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani, ambayo sasa iko chini ya UTT AMIS. Mtu hununua vipande, fedha za wengi huchanganywa, na wasimamizi huzitumia kununua hisa na hatifungani. Simu ya mkononi imeondoa haja ya kusafiri mpaka Dar es Salaam. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu.

Lakini sifa isitufumbe macho. Duniani ziko njia mbili za kuendesha mfuko wa namna hii. Ya kwanza ni ya msimamizi achaguaye: hununua hisa hii, huuza ile, akitumaini kulishinda soko. Wataalamu wake hulipwa, na malipo hayo hutoka katika mfuko. Ya pili ni ya kufuata kiashiria cha soko: mfuko hununua hisa za kampuni zote zilizomo katika kiashiria, kila moja kwa kadiri ya ukubwa wake, kisha hutulia. Kazi yake ni chache, na kwa hiyo ada yake ni ndogo. Njia hii ilifunguliwa kwa watu wa kawaida huko Marekani mwaka 1976 na John Bogle wa kampuni ya Vanguard, na wakati ule wengi walimcheka.

Waliocheka wamekwisha kunyamaza. Mwaka 2008 lilianza dau la miaka kumi la tajiri Warren Buffett, ya kwamba mfuko wa kufuata kiashiria utaishinda mifuko mitano iliyochaguliwa na mabingwa. Mwaka 2017 ulipokwisha, mfuko wa kiashiria ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 125.8, na ule uliofanya vizuri kuliko yote mitano uliongezeka kwa asilimia 87.7 tu.

Sababu yake si uchawi. Tuchukue mfano wa viazi. Wafanyabiashara kumi wakinunua mavuno yote ya kijiji, faida yao wote pamoja haiwezi kuzidi faida iliyomo katika mavuno hayo. Mmoja akipata zaidi ya wastani, mwingine hupata pungufu. Na kama watano kati yao wamekodi madalali wa bei kubwa, hao watano kwa jumla watarudi nyumbani na kidogo kuliko wenzao. Mtaalamu William Sharpe aliieleza hesabu hiyo mwaka 1991.

Basi tuipige kwa shilingi. Tuseme watu wawili wameweka shilingi 1,000,000 kila mmoja kwa miaka 30, na mali inazaa asilimia 10 kwa mwaka kabla ya gharama. Anayekatwa asilimia 0.5 kila mwaka atakuwa na shilingi milioni 15.2 hivi. Anayekatwa asilimia 2.5 atakuwa na milioni 8.8 hivi. Tofauti ya asilimia mbili, ambayo machoni pa mtu ni kitu kidogo, imemnyang'anya zaidi ya milioni sita. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Je, twasema watu wa Bulongwa wakimbie mifuko yetu? La, hasha. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, bado ni dogo. Kampuni chache kubwa huvuta kiashiria chote, na ziko hisa zinazoweza kukaa siku nzima bila mnunuzi. Afuataye kiashiria katika soko la namna hiyo asidhani ametawanya mayai yake katika vikapu vingi. Tena fedha nyingi za akiba hapa kwetu huenda katika hatifungani za Serikali, na msimamizi mwangalifu anayezikusanya kwa niaba ya wadogo ana haki ya ujira wake.

Tunalolikataa ni ujira usiosemwa waziwazi. Kabla ya kununua kipande, mwananchi na aulize: Ada ya usimamizi ni kiasi gani kwa mwaka? Nikiingia nakatwa nini, na nikitoka nakatwa nini? Faida mnayonitangazia imekwisha kutolewa gharama, au bado? Na katika miaka hiyohiyo, mtu aliyenunua hatifungani mwenyewe, au aliyefuata kiashiria, angepata ngapi? Msimamizi mwema hatakasirika kuulizwa.

Kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana twaleta ombi moja. Kila mfuko na uandike ada zake zote katika ukurasa wa kwanza wa taarifa yake, kwa Kiswahili ambacho mkulima ataelewa, na kando ya faida yake uweke kipimo cha soko, ili mweka akiba alinganishe mwenyewe.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima anayehesabu kila gunia la viazi linalotoka shambani mwake asione haya kuhesabu kila senti inayotoka katika akiba yake. Faida ya kesho hakuna awezaye kuiahidi, lakini ada ya leo yajulikana. Na kwa kuwa yajulikana, na ianze kuulizwa hiyo.