Bolingi ya Kwenye Kioo: Namna ya Kuicheza na Hesabu Iliyomo

Tangu zamani michezo imekuwa shule isiyo na kuta. Katika nchi ya Usukuma mchezo wa isolo, ambao ni ndugu wa bao, umewafundisha watu wengi kujumlisha, kutoa na kutazama mbele kabla ya kuugusa mkono kwenye shimo. Mchezaji hodari hasogezi kete kwa pupa. Kwanza huhesabu zitakapoishia, ndipo akazishika.

Siku hizi kijana wa Lamadi huinama juu ya kioo cha simu zaidi ya kuinama juu ya mashimo ya isolo. Mji huu wa Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, uko kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo barabara ya kwenda Bariadi huachana na ile ya Mwanza na Musoma. Simu zimeenea, na katika simu hizo imo michezo ya aina nyingi. Mmojawapo ni bolingi ya zamani: mpira mdogo wa nukta chache unaoviringika na kuangusha pini kumi. Wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza, mchezo huo una faida gani. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuucheza vizuri, na kuonyesha kwamba ndani yake mna hesabu ile ile waliyoipenda wazee katika isolo.

Bolingi yenyewe

Kabla ya kuutazama mfano, yafaa tukifahamu kitu kinachoigwa. Bolingi ni mchezo wa kuviringisha mpira mzito juu ya njia ya mbao iliyolainishwa kwa mafuta. Njia hiyo ina upana wa sentimita 105 hivi, na kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya kwanza ni mita 18.3. Mpira hauruhusiwi kuzidi kilo 7.3. Mwishoni husimama pini 10 zilizopangwa katika umbo la pembetatu: moja mbele, kisha mbili, kisha tatu, na nne nyuma kabisa. Kila pini ina kimo cha sentimita 38. Kando ya njia kuna mifereji miwili. Mpira ukitumbukia humo, mtupo umepotea.

Hapa Afrika Mashariki majumba ya mchezo huu ni machache, nayo yako katika miji mikubwa. Kwa hiyo Watanzania wengi wameijua bolingi ya kioo bila kuiona bolingi ya mbao.

Mpira ambao ni nambari

Mwaka 1977 kampuni ya Atari ya Marekani ilianza kuuza mashine ya michezo iliyounganishwa na televisheni ya nyumbani. Mwaka 1979 ilitoa mchezo wa bolingi kwa ajili ya mashine hiyo. Programu yake iliandikwa na Larry Kaplan, ambaye mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Activision.

Wakati huo mchezo kama huo usingeweza kufika Lamadi. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, na vituo vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994. Ndiyo maana mchezo ambao kwa mzee wa Chicago ni kumbukumbu ya utoto, kwa kijana wa Lamadi ni kitu kipya. Umemfikia kwa njia ya simu, ambayo ina uwezo wa kuiga mwenendo wa mashine za zamani.

Ajabu ya mchezo huo ni udogo wake. Programu nzima ilitosha katika baiti 2,048. Ikiwa tutachukua kwamba baiti moja huhifadhi herufi moja, basi makala haya unayoyasoma yana herufi zaidi ya mara nne ya programu hiyo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu, wakati ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Mashine haikuwa na nafasi hata ya kuhifadhi picha nzima ya kioo. Ililazimika kuichora mstari kwa mstari, tena na tena, mara 60 kwa kila sekunde katika televisheni za Marekani.

Katika nafasi finyu namna hiyo mpira haukuweza kuwa kitu kingine ila nambari. Nambari moja husema mpira uko umbali gani kutoka mwanzo wa njia. Ya pili husema uko upande gani wa njia. Nyingine husema unasogea hatua ngapi kila picha inapochorwa upya. Kompyuta hujumlisha, huchora, kisha hujumlisha tena. Nambari za mpira zikikaribiana na nambari za pini, programu huamua kwamba pini imeanguka. Mchezaji akilielewa jambo hili, ameuelewa mchezo wote.

Hatua za kucheza

Bolingi za zamani hutofautiana kidogo, lakini karibu zote humtaka mchezaji afanye mambo matatu.

La kwanza ni kuchagua mahali pa kusimama. Katika mchezo wa Atari mchezaji alionekana upande wa kushoto wa kioo, akasogezwa juu au chini, na mpira ukaenda upande wa kulia. Katika simu nyingi njia huchorwa kutoka chini kwenda juu, na mchezaji husogezwa kushoto au kulia kwa kidole.

La pili ni kuuachia mpira. Katika baadhi ya michezo kuna mshale unaoyumba au kipimo cha nguvu kinachopanda na kushuka, na mpira huondoka pale unapogusa. Usiutazame mshale kwa macho ya kukimbizana nao. Uhesabu moyoni kama mpiga ngoma anavyohesabu mapigo: moja, mbili, tatu, gusa. Mwendo wake ni wa programu, haubadiliki kwa hofu ya mchezaji. Anayeshika mapigo yake atauachia mpira mahali pale pale kila mara.

La tatu ni kuupinda mpira ukiwa njiani. Mchezo wa Atari ulikuwa na namna tatu: mpira unaopinda, mpira unaoongozwa, na mpira unaokwenda moja kwa moja. Anayejifunza na aanze na mpira ulionyooka, ili ajue kwanza kazi ya mahali pa kusimama. Akishazoea, ndipo ajifunze kupinda.

Kwa nini usilenge katikati

Anayeanza hudhani kwamba njia bora ni kuipiga pini ya mbele katikati kabisa. Katika bolingi ya kweli hilo ni kosa. Mpira unaoingia katikati huchimba njia yake na kuziacha pini za pembeni zimesimama, tena mara nyingine moja kushoto na moja kulia, ambazo ni vigumu kuziangusha kwa mtupo mmoja. Mahali panapofaa ni kati ya pini ya mbele na jirani yake ya safu ya pili. Hapo mpira hugonga pini chache tu, nazo pini zenyewe huangushana.

Tena yafaa mpira uingie kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 6. Je, mshazari huo waweza kupatikana kwa mpira ulionyooka? Tupige hesabu. Kutoka ukingo wa njia hadi katikati yake ni kama nusu mita, na urefu wa njia ni mita 18.3. Mpira unaotoka ukingoni kwenda pini ya mbele hufanya pembe isiyozidi nyuzi 2. Ndiyo sababu mabingwa huuzungusha mpira ili upinde unapokaribia mwisho, na ndiyo sababu waandishi wa programu huweka uwezo wa kupinda. Katika kioo kanuni hizi huigwa kwa viwango mbalimbali. Programu nyingine huziiga kwa uangalifu, nyingine hurahisisha mno. Ipi ni ipi, hilo hujulikana kwa kujaribu.

Hesabu ya pointi

Mchezo mmoja una duru 10, na katika kila duru mchezaji ana mitupo miwili. Pini moja iliyoanguka ni pointi moja. Akiangusha zote kumi kwa mtupo wa kwanza, tendo hilo huitwa straiki, na duru huishia hapo. Akizimaliza kwa mtupo wa pili, huitwa spea.

Utamu wa hesabu umo katika zawadi. Mwenye straiki hupata 10, kisha huongezewa pini zote za mitupo miwili inayofuata. Mwenye spea hupata 10, kisha huongezewa pini za mtupo mmoja unaofuata. Tuseme umepata straiki, na katika duru ya pili ukaangusha 7, kisha 2. Duru ya kwanza itakuwa na 10 kujumlisha 9, yaani 19. Duru ya pili itakuwa na 9. Jumla ni 28. Pini zile tisa zimehesabiwa mara mbili. Katika duru ya mwisho mwenye straiki au spea hupewa mitupo ya ziada ili zawadi yake ikamilike. Kwa hiyo mchezaji asiyekosa hutupa straiki 12 na kupata 300, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa.

Sasa tuwalinganishe wachezaji wawili. Wa kwanza huangusha pini 9 katika kila duru, na kila mara huikosa ile moja iliyobaki. Mwisho wa mchezo ana pointi 90. Wa pili naye huanza na 9 katika kila duru, lakini kila mara huirudia ile moja na kuiangusha. Katika kila duru ana 10, pamoja na 9 za mtupo unaofuata, yaani 19. Mwisho wa mchezo ana 190. Wa pili ameangusha katika kila duru pini moja tu zaidi ya mwenzake, naye amemzidi kwa pointi 100. Somo kwa anayejifunza ni dhahiri: jifunze kwanza kuimaliza pini iliyobaki. Straiki zitakuja baadaye.

Jaribio la daftari

Mtu aweza kucheza mchezo huu miezi sita asipige hatua, kwa sababu kila anapokosa hubadilisha mambo mawili au matatu kwa pamoja, naye hajui lipi lilimsaidia. Njia ya sayansi ni nyingine. Chukua daftari, uchore jedwali. Simama mahali pamoja, utupe mpira ulionyooka mara 10, uandike ni pini ngapi zimeanguka kila mara. Kisha sogea hatua moja tu, utupe mara 10 nyingine, uandike tena. Endelea hivyo hadi ukingo wa pili, kisha utafute wastani wa kila mahali.

Ikiwa mitupo kumi ya mahali pamoja inatoa matokeo yale yale, umegundua kwamba programu hiyo haina bahati ndani yake: hesabu ile ile huzaa jibu lile lile. Ikiwa matokeo yanatofautiana, huenda mwandishi ameweka kanuni inayotoa nambari zinazofanana na za kubahatisha, au huenda kidole chako hakigusi kwa wakati ule ule. Rudia kwa uangalifu zaidi, utajua. Mwanafunzi aliyefanya hivyo amefanya kazi ile ile ifanywayo katika maabara: amebadilisha jambo moja, ameyashika mengine yasibadilike, na ameandika aliyoyaona.

Ustadi na kubahatisha

Hapana budi kutenganisha mchezo huu na ile mashine ya sarafu ambayo vijana huiita dubwi. Kwa macho zote ni vioo vyenye rangi, lakini hesabu zake zinapingana. Katika bolingi, anayejifunza leo hucheza vizuri zaidi kesho. Katika dubwi hakuna cha kujifunza, kwa kuwa mashine imepangwa kurudisha pungufu ya kilichotiwa. Tuchukue kwa mfano mashine inayorudisha kwa wastani shilingi 90 katika kila 100. Mtu akitia shilingi 100, kisha akakitia tena chote alichorudishiwa, akafanya hivyo mara 10, kwa wastani atabaki na shilingi 35. Ustadi wake haubadilishi lolote. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imewazuia walio chini ya miaka 18 kushiriki michezo hiyo, na mzazi anayemkuta mtoto mbele ya dubwi ana sababu ya kumwondoa. Anayemkuta na bolingi na daftari lenye jedwali ana sababu ya kuketi na kuuliza matokeo.

Kwa walimu wa hisabati wa Busega na Bariadi mchezo huu ni zana isiyohitaji maabara. Hesabu za pointi zafaa kwa shule ya msingi; wastani na pembe zafaa kwa sekondari. Na kwa mwanafunzi anayetamani kuandika programu, bolingi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa maana ni ndogo kiasi cha kueleweka yote. Na aanze na mpira mmoja na pini moja: nambari mbili zinazojumlishwa, na swali moja la kuuliza kama zimekutana. Akifaulu hapo, zimebaki pini tisa.