Mwambao wa Kismayu Ulimtii Nani?

Msomaji wa Kismayu aifunguapo Tarikhi ya Pate hukuta jina la mji wake, pamoja na Chula na Koyama katika visiwa vya Wabajuni, limo katika nchi zilizoshindwa na Sultani Muhammad bin Ahmad wa ukoo wa Nabahani, ambaye tarikhi yamweka mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Sultani huyo, yasema tarikhi, aliutiisha mwambao tangu Kiwayu hata Barawa na Marka, kisha akaitamalaki Mogadishu, akaweka huko liwali wake.

Lakini mwaka 1331, katika zama zizo hizo, Ibn Battuta alishuka Mogadishu, na aliyemkuta si liwali wa mtu. Alimkuta Sheikh Abu Bakr bin Umar, mwenye mawaziri na kadhi wake, ambaye baada ya sala ya Ijumaa alitembea chini ya miavuli ya hariri yenye sanamu za ndege wa dhahabu juu yake. Na msafiri huyo, aliyeeleza kwa urefu hata vitoweo alivyoandaliwa, hakulitaja jina la Pate kabisa. Wareno nao, walipoipiga Mogadishu mizinga mwaka 1499 na kuiteketeza Barawa mwaka 1507, walipambana na miji iliyojitetea yenyewe.

Je, tarikhi ni ya uongo? Sithubutu kusema hivyo. Yasemekana nuskha ya asili iliteketea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890, na habari tulizo nazo zatokana zaidi na masimulizi ya Bwana Kitini, wa ukoo uo huo wa Nabahani, ambayo Mwingereza Stigand aliyachapisha mwaka 1913. Pate ilikuwa na nguvu kweli katika karne ya 17 na ya 18, na si ajabu mrithi wa dola kuwavika wahenga wake fahari iliyokuja baadaye. Koyama na Chula huenda zilitoa heshima kwa Pate wakati fulani. Mogadishu ya Sheikh Abu Bakr, kwa hukumu yangu, haikuwa chini ya mtu.

Linalonisikitisha ni kwamba katika daawa hii Wabajuni wenyewe hawajasikilizwa. Wengi walitawanywa na vita vya 1991, wakakimbilia Mombasa na ng'ambo. Enyi vijana wao, ziandikeni riwaya za wazee wenu maadamu wangali hai.