Bima ya Matunzo ya Wazee Nchini Japani

Mwaka 1973 serikali ya Japani iliwaondolea malipo ya matibabu wazee waliotimiza miaka 70. Na kwa kuwa mkongwe asiyejiweza hakuwa na wa kumtunza ila mkewe, bintiye au mkaza mwanawe, vitanda vya hospitali vikajaa watu ambao maradhi yao yalikwisha kutibiwa, wakakaa humo miezi na hata miaka kwa gharama ya daktari na dawa, ilhali haja yao ilikuwa kuogeshwa, kulishwa na kushikwa mkono wanapoinuka. Hazina haikuweza kustahimili, na mwaka 1983 wazee wakatakiwa tena kulipa sehemu ndogo ya gharama.

Dawa iliyofaa zaidi ilikuja kwa sheria ya mwaka 1997, iliyoanza kutumika Aprili 2000, ya bima ya matunzo iliyotengwa na bima ya matibabu. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 40 huchangia. Nusu ya fedha hutoka katika michango, nusu katika kodi, na dhamana ya mfuko ni ya halmashauri ya mji, ambayo hukadiria mchango upya kila baada ya miaka mitatu. Mzee hupimwa udhaifu wake kwa daraja saba, bila ya kuulizwa ana wana wangapi, kisha hupangiwa mhudumu wa kumfuata nyumbani, kituo cha kushinda mchana, au nafasi katika nyumba ya wazee. Aghalabu hulipa fungu moja katika kumi ya gharama. Wenye kipato kikubwa hulipa mawili au matatu.

Katika huduma za nyumbani, makampuni ya biashara yaliruhusiwa kuingia sawa na jumuiya za hisani, lakini bei huwekwa na serikali. Naiona hiyo kuwa hekima, maana mnyonge hawezi kupatana bei akiwa kitandani. Walakini bei inapobanwa, ujira nao hubanwa, na wahudumu hawa, ambao kazi yao ni nzito na ya heshima, hulipwa chini ya wastani wa wafanyakazi wengine. Matokeo yake ni upungufu wa watu, hata Japani ikalazimika kuwaita wahudumu kutoka Indonesia, Ufilipino na Vietnam.

Somo hilo linaifaa pia Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wenye kuitekeleza nawasihi waanze mapema kumwekea fungu, na ujira wa haki, mhudumu anayemfuata mzee nyumbani kwake.