Dereva Naye Ana Haki ya Kukaa Nyumbani



Hapa Kilimani tuna kikundi cha akina mama, wengi wao wakifanya kazi za nyumbani katika maghorofa. Siku moja mama mmoja alitueleza kuwa mumewe, dereva wa trela, alirudi baada ya wiki nyingi, na mtoto wao mdogo akakimbia kujificha. "Alimuona kama mgeni," akasema. Asubuhi simu ikalia: kuna mzigo Mombasa. Baba akaondoka hata nguo zake hazijakauka.

Tukauliza, "Kwani hana likizo?" Akajibu, "Watu wa lori hawana likizo, si wanalipwa kwa safari?" Ndiyo sababu tunaandika, maana hata huko vijijini mna waume na wana walio barabarani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimwachi dereva nje. Mwajiriwa anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Akifanya kazi miezi 12 mfululizo, anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Siku hizo zaweza kugawanywa akikubali mwenyewe, lakini kwa kawaida sehemu moja iwe wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Mkewe akijifungua, ana wiki mbili zaidi, nazo kwa mshahara kamili. Tena, tangu mwaka 2012 sheria ya barabara inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24.

Kwa nini hapati?

Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na bado kuna mizani na foleni ya mpakani. Tajiri huona lori likisimama ni hasara. Dereva naye anaogopa kwamba akienda nyumbani, atakuta ufunguo umepewa mwingine. Basi ananyamaza, au anauza likizo yake. Hofu hiyo si ya bure, tumeiona. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwenda likizo unayostahili si sababu ya haki ya kufutwa kazi.

Afanye nini?

1. Awe na mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yapaswa kuandikwa, na kuandika ni wajibu wa mwajiri.

2. Awe na daftari. Aandike siku ya kuondoka, siku za foleni, siku ya kurudi, na siku alizolala kwake. Kulala ndani ya lori ukichunga mzigo si sawa na kupumzika nyumbani.

3. Aombe mapema na kwa maandishi, akitaja tarehe baada ya mzigo kushushwa, ili tajiri atafute dereva wa kushikilia. Abaki na nakala.

4. Asiwe peke yake. Kuna chama cha wafanyakazi wa malori ya masafa marefu, na kuna maofisa wa leba. Hapa Nairobi Wizara ya Leba iko Bishops Road, si mbali nasi. Aliyefutwa apeleke malalamiko kwa ofisa wa leba kabla miezi mitatu haijaisha.

Na sisi wa nyumbani?

Tusijidanganye: lori likisimama, posho ya safari nayo husimama. Wengine huikataa likizo kwa sababu ya karo. Hapa kikundi chaweza kusaidia. Wenzetu wa Kilimani walikubaliana zamu ya mzunguko ya yule mama iangukie mwezi wa likizo ya mumewe. Alipata wiki mbili shule zikiwa zimefungwa. Siku ya tatu, mtoto ndiye aliyemshika baba mkono kwenda dukani.

Tena, baba akifika tusimpokee na orodha ya madeni mlangoni. Aoge kwanza, ale, alale.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nani kati yetu ana mtu barabarani? Mara ya mwisho alilala nyumbani lini?

2. Je, ana mkataba? Nani atamsaidia kuandika barua?

3. Tunaweza kupanga zamu zetu vipi ili likizo isilete njaa?