Waraka Unapofika Zahanati

Mwongozo wa ikama wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 hadi 2019 uliweka hesabu ambayo Makatibu wa Afya wengi nchini Tanzania wanaijua kwa kichwa: zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52, na hospitali ya wilaya isipungue 200. Nenda sasa kwenye zahanati ya kijiji kilicho mbali na barabara ya lami. Aghalabu utamkuta tabibu mmoja, muuguzi mmoja, na pengine mhudumu wa afya anayefagia asubuhi, anayetafuta kadi za kliniki mchana, na usiku akiitwa anakuja kumsaidia muuguzi kumzalisha mama. Muuguzi akienda likizo, huduma ya uzazi kijijini hapo imeenda likizo pamoja naye.

Kati ya namba za mwongozo na hali ya zahanati hiyo yupo mtu ambaye wananchi hawamjui kwa jina: Afisa Utumishi wa halmashauri, na pembeni yake Katibu wa Afya katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Watu hawa wawili hupokea nyaraka kutoka Dodoma mwaka mzima: za ikama, za madaraja, za likizo, za mifumo mipya ya kompyuta. Kila waraka husomeka vizuri kwenye karatasi. Ninaloamini, na ndilo linalobeba sura hii, ni kwamba waraka wa utumishi katika afya usomwe kuanzia zamu ya usiku ya zahanati ndogo kuliko zote, kisha ndipo upande kwenda juu. Anayeusoma kuanzia juu atatekeleza kila kipengele na kijiji bado kitabaki bila mkunga.

Tuanze na ikama yenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Ikama ni orodha ya nafasi zinazotakiwa. Ili nafasi moja igeuke kuwa mtu, inapita milango mingi. Halmashauri huandaa ikama na bajeti ya mishahara kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora huipitia na kutoa kibali cha ajira, kwa kadiri ya fedha za mishahara zilizopo. Tangazo hutoka, waombaji hujaza maombi mtandaoni, hufanyiwa usaili au mchujo, majina hutoka, kila mmoja hupangiwa kituo, naye atatakiwa kuripoti. Halmashauri iliyoomba watumishi mia ikipata kibali cha ishirini, na kati ya hao ishirini wanne wasiripoti, haina haki ya kuchukua wengine wanne kutoka mtaani kesho yake. Inarudi kwenye foleni.

Na mtaani wapo. Hilo ndilo linalouma. Vyuo vinatoa matabibu, wauguzi na wateknolojia wa maabara kila mwaka, wengi wao wanakaa nyumbani na vyeti vyao, huku zahanati zikiwalilia. Chimbuko la hali hiyo liko nyuma. Mwaka 1993, katika miaka ya masharti ya kurekebisha uchumi, Serikali ilisitisha ajira mpya kwa sehemu kubwa ya utumishi wa umma, na sekta ya afya ikaingia karne mpya ikiwa na watumishi waliozeeka na waliopungua. Kisha mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule wa MMAM, ukiwa na lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi walichanga mawe na mchanga, majengo yakapanda. Jengo hukamilika kwa miezi. Tabibu husoma miaka mitatu ya stashahada, na mshahara wake ni ahadi ya miaka thelathini na zaidi. Hakuna mpango wa ujenzi unaopaswa kupitishwa kwenye kikao cha halmashauri bila Afisa Utumishi kuulizwa watakaofanya kazi humo watatoka wapi, lakini mara nyingi swali hilo huulizwa rangi ikiwa tayari imekauka.

Kasoro nyingine ya ikama ya zamani ni kuzitazama zahanati zote kama pacha. Zahanati inayohudumia wagonjwa kumi kwa siku na ile inayohudumia themanini zilikuwa na mwongozo mmoja. Ndiyo maana Tanzania ilianza kutumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinachojulikana kwa kifupi chake, WISN, kinachopima mahitaji ya watumishi kwa uzito wa kazi. Wengi hukiogopa kwa jina tu, ingawa ndani yake kuna kujumlisha na kugawanya.

Chukua muuguzi mkunga mmoja. Mwaka una wiki 52, kwa siku tano za kazi ni siku 260. Toa likizo ya mwaka ya siku 28, ambayo ndani yake mna siku 20 za kazi. Toa sikukuu, tuseme 15. Toa siku za kuugua, misiba na mafunzo, tuseme 10. Zinabaki siku 215, ambazo kwa saa nane ni saa 1,720. Tuchukulie sasa kwamba kumhudumia mama mmoja tangu uchungu hadi anapotulia na mtoto wake kunachukua saa sita za mkunga. Kwa hesabu hiyo mkunga mmoja anaweza kuwahudumia vizuri akina mama 286 kwa mwaka, kama hafanyi kitu kingine chochote. Kituo kinachopokea wazazi 1,430 kinahitaji wakunga watano chumba cha kujifungulia peke yake, kabla hujagusa kliniki ya wajawazito, chanjo wala wodi. Kikiwa na watatu, uwiano wake ni 0.6, maana yake kuna asilimia 60 ya mikono inayohitajika. Namba hizo ni za mfano, ila njia ndiyo hiyo hiyo, na uzuri wake ni kwamba inaonyesha hata pale palipozidi. Kituo cha mjini kinaweza kupata uwiano unaovuka 1 kwa kada fulani, jambo ambalo ikama ya zamani isingelionyesha kamwe.

Baada ya kipimo hicho hufuata uchambuzi wa vipaumbele: vibali vikija kumi wakati upungufu ni mia mbili, hao kumi waende wapi? Hapa Afisa Utumishi anakutana na diwani, na mbunge, na mkuu wa kituo anayejua kupiga simu. Jedwali la uzito wa kazi ndilo linalompa la kusema mbele yao. Asiye nalo atagawa watumishi kwa sauti zilizopazwa, na zahanati isiyo na wa kuisemea itangoja tena.

Lakini jedwali linajengwa juu ya taarifa za watumishi, na taarifa hizo zina historia yenye maumivu. Juni 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017 Rais John Magufuli akakabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, yenye majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Walikuwemo watumishi wa afya waliokuwa wamezoeleka vijijini kwao. Sitetei cheti cha kughushi kwenye chumba cha sindano. Ninachosema ni kwamba hakuna zahanati iliyopaswa kujifunza siku ile ile ya kumpoteza mtumishi wake kwamba faili lake lilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Suala la watumishi wa darasa la saba lilionyesha hilo kwa namna nyingine. Waraka wa Mei 20, 2004 ulifanya elimu ya kidato cha nne kuwa sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini. Uhakiki ulipopita, wakaondolewa madereva, walinzi na wahudumu wa afya wasio na cheti hicho, na wengine kati yao walikuwa wameajiriwa kabla ya waraka huo. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini. Tarehe ya barua ya ajira ndiyo iliyomwokoa mtu. Mhudumu ambaye faili lake lilikuwa na barua hiyo, imesainiwa na imehifadhiwa, alikuwa na cha kuonyesha. Ambaye faili lake lililiwa na mchwa alianza safari ya kutafuta mashahidi. Leo taarifa nyingi ziko kwenye mfumo wa kompyuta, na mtumishi anaweza kuingia mwenyewe kwa namba yake ya hundi kuomba likizo, uhamisho au mkopo. Hiyo ni hatua kubwa sana kwa muuguzi aliyekuwa akipoteza siku mbili za safari kufuata saini wilayani. Ila mfumo hutunza kilichoingizwa. Kosa la tarehe ya kuzaliwa likiingia, linamfuata mtu hadi siku ya kustaafu.

Sasa uhamisho. Ukitaka kujua kwa nini kijiji hakikai na muuguzi, usianzie kwenye takwimu za ajira. Anzia kwenye mwezi wake wa kwanza. Anafika na barua ya kupangiwa kituo. Kwa utaratibu anastahili nauli na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo. Zikichelewa, anakopa kwa mwenye duka. Nyumba ya mtumishi haipo, au ipo na haina choo. Mshahara wa kwanza unangoja taarifa zake ziingizwe na zipitishwe, na zikivuka tarehe ya kufunga orodha ya mwezi anasubiri mwezi mwingine, na deni linaingia kwenye malimbikizo. Huyu ataanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajaijua njia ya kisimani. Atatafuta wa kubadilishana naye kwenye makundi ya WhatsApp, au akiolewa ataomba kumfuata mwenza, na ombi hilo ni la haki kabisa. Familia haipaswi kuishi mikoa miwili kwa sababu ya ikama.

Ndiyo maana nasema Afisa Utumishi ana sera yake ya kubakiza watumishi hata pale ambapo hakuna waraka wa kitaifa wenye jina hilo. Anaweza kuhakikisha posho ya kujikimu imetengwa kwenye bajeti kabla majina hayajatoka. Anaweza kuzungumza na serikali ya kijiji kuhusu chumba cha kupanga. Anaweza kuingiza taarifa za mtumishi mpya wiki aliyoripoti, asingoje wafike kumi. Na kwenye uhamisho wa kubadilishana anaweza kuhakiki kwamba kada inayoondoka ndiyo inayoingia: kumtoa mteknolojia wa maabara na kupokea muuguzi kunaiacha hadubini ikivaa vumbi.

Mwaka wa fedha 2023/24 upimaji wa utendaji nao ulibadilika. Fomu za OPRAS, zilizoanza kutumika 2004 na ambazo wengi walizijaza mwisho wa mwaka kwa jioni moja, zilipisha mfumo wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na utekelezaji wake mwaka unavyokwenda. Nia ni njema, na mtumishi hodari ana faida ya kuonekana. Hata hivyo mkunga hachagui idadi ya watoto watakaozaliwa zamu yake. Msimamizi anayepima kazi yake kwa wingi wa akina mama atamwonea wa kijiji kidogo. Apime kama chati ya uchungu imejazwa, kama rufaa ilitoka mapema, kama mama alipimwa shinikizo la damu baada ya kujifungua. Kusaidia wasimamizi kuyaandika malengo ya namna hiyo ni kazi ya ofisi ya utumishi, tena ni kazi ya kwenda vituoni, hasa kule ambako mtandao hushikika juu ya kilima tu.

Mei Mosi 2024, Arusha, Serikali ilitangaza kwamba muda ambao mtoto njiti anakuwa kwenye uangalizi hautahesabiwa ndani ya likizo ya uzazi ya mama yake. Likizo ya kawaida ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Huu ni uamuzi wa utu, uliochelewa, na ninaufurahia. Katika sekta ya afya, ambako wauguzi wengi ni wanawake, una pia hesabu yake. Muuguzi pekee wa zahanati akijifungua njiti, pengo lake sasa ni refu zaidi, na anayelibeba asiwe yeye kwa kuitwa arudi mapema wala jirani yake kwa kufanya zamu mbili. Halmashauri yenye wauguzi mia moja inaweza kuona kwenye taarifa zake za miaka iliyopita ni wangapi huwa kwenye likizo ya uzazi kwa wakati mmoja, ikaweka wauguzi wa kuziba mapengo wanaozunguka vituo. Tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja vituoni, mwaka wa fedha 2017/18, vituo vyenye mapato mazuri vimeweza kuajiri kwa mikataba ya muda. Zahanati zenye mapato madogo haziwezi, na ndizo zenye muuguzi mmoja. Kwa hiyo mikataba hiyo ipangwe na halmashauri nzima, isiachiwe kila kituo na sanduku lake.

Kisha kuna kundi jipya kabisa. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia 137,294 kwa miaka mitano, wakitembelea kaya kwenye vitongoji na mitaa. Hawamo kwenye ikama ya zahanati, hawana daraja la mshahara la afya, lakini zahanati ndiyo inayowasimamia na kupokea wagonjwa wanaowaleta. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itawaleta wengine waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha. Pande zote mbili zinaongeza namba ile ile ya juu katika hesabu ya uzito wa kazi, yaani idadi ya wanaohudumiwa. Afisa Utumishi atakayeandaa ikama ijayo kwa takwimu za wagonjwa wa mwaka juzi ataomba watumishi wa mwaka juzi. Aende kwanza kwa mganga mfawidhi na rejesta za miezi mitatu ya karibuni, ahesabu upya, na safu ya mkunga wa zahanati yenye mkunga mmoja aiandike juu kabisa ya ombi lake.