AFYA YAKO: Moshi wa Lori Usiuzoee



Zamani wapagazi walivuka nchi hii ya Unyanyembe kwa miguu, mizigo kichwani. Leo mizigo hupita kwa reli na malori. Wewe unayekaa Igalula unayaona malori yakija kubeba tumbaku na mahindi, yakitoa moshi mweusi. Wengi husema, "Moshi tu huo, utapita." Moshi hupita, lakini madhara yake hubaki kifuani.

Moshi wa dizeli una nini?

Una masizi. Chembe zake ni ndogo mno kuliko unene wa unywele, hivyo pua haiwezi kuzizuia. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Una pia oksidi za nitrojeni, zinazozidisha pumu, na kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu.

Je, moshi unaweza kusafishwa?

Ndiyo. Malori mapya yana kichocheo ndani ya bomba la moshi. Kina matundu mengi kama sega la nyuki, na kuta zake zimepakwa madini kama platinamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi hugeuka kuwa hewa isiyo na sumu kali. Mengi hunyunyiza pia maji ya urea. Ni urea ile ile ya mbolea, ila iliyosafishwa sana. Hiyo hugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni na maji.

Katika Chuo Kikuu cha Chalmers, Sweden, wanafunzi wa shahada ya udaktari huchunguza kwa miaka kadhaa jinsi vichocheo hivyo vinavyofanya kazi na kwa nini huchoka. Adui mmoja ni salfa iliyomo katika dizeli. Huyafunika madini, kazi ikasimama. Ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba, kuanzia Januari 2015, salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika sehemu milioni.

Lakini malori mengi ya zamani hayana kichocheo. Basi jikinge:

1. Usiuze bidhaa wala kuweka watoto nyuma ya lori linalounguruma.
2. Mwombe dereva azime injini wakati wa kupakia.
3. Bomba la mashine ya kusaga litoe moshi nje. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa.
4. Mwenye lori, badili chujio la hewa kwa wakati. Usikiondoe kichocheo, wala usitie mbolea ya shambani.
5. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini pua haizuii masizi ya dizeli?
2. Malori husimama wapi kijijini kwetu? Tuyahamishie wapi ili watoto wasivute moshi?