Miungu Wanaokufa: Kusoma Visasili vya Skandinavia Darasani

Mwalimu wa fasihi simulizi anapofikia visasili, huwaeleza wanafunzi kuwa hizi ni ngano zinazosimulia juu ya miungu, asili ya ulimwengu na chanzo cha mambo mazito kama vile kifo. Maelezo haya si mabaya. Tatizo huzuka mwanafunzi anapotaka mfano kutoka nje ya Afrika, kwani aghalabu humpa orodha: Odin ni mungu wa hekima, Thor ni mungu wa ngurumo, Tyr ni mungu wa vita, Freyja ni mungu wa kike wa mapenzi. Mwanafunzi huinakili orodha, huikariri, kisha huisahau. Ninakuomba, mwalimu mwenzangu, uiweke kando orodha hiyo na uulize swali moja kuhusu kila mungu: alitoa nini ili apate nini?

Kabla ya kulijibu, ni muhimu kujua matini haya yalivyotufikia. Visasili hivi vilikuwa vya wenyeji wa Norwe, Uswidi, Denimaki na kisiwa cha Aisilandi kabla ya kuja kwa Ukristo. Waaisilandi waliikubali dini mpya yapata mwaka wa 1000. Mtu tunayemtegemea zaidi, Snorri Sturluson (1179–1241), aliandika kitabu chake kiitwacho Edda yapata mwaka wa 1220, yaani miaka mia mbili na ushei baadaye. Naye alikuwa Mkristo. Hakuandika ili kuwarejesha watu kwa miungu wa mababu. Alichokusudia ni kuwafunza washairi chipukizi, maana ushairi wa kale ulisheheni mafumbo yasiyofumbulika bila hadithi. Mathalani, dhahabu iliitwa machozi ya Freyja. Asiyejua kwamba Freyja alimlilia mumewe aliyesafiri mbali, na kwamba machozi yake yalikuwa dhahabu nyekundu, angeachwa njia panda. Kwa hivyo tunachokisoma ni kitabu cha mwalimu wa ushairi, na si msahafu wa waumini. Mwanafunzi anapoandika kuwa kisasili ni imani ya jamii, mwulize: ni imani ya nani, na kalamu ilishikwa na nani?

Turejelee swali letu. Odin ndiye mkuu wa miungu, lakini hekima hakuzaliwa nayo. Aliinunua. Alitoa jicho lake moja ili aruhusiwe kunywa maji ya kisima cha Mimir. Isitoshe, alining'inia mtini usiku tisa, amechomwa mkuki na bila chakula wala kinywaji, ndipo akapata siri ya herufi za kale. Idunn naye, mungu wa kike, hutunza matofaa ambayo miungu hula ili wasizeeke. Siku alipotoroshwa na jitu, miungu walianza kuota mvi. Ni dhahiri basi kwamba hata ujana wa miungu hawa si maumbile yao. Unategemea kikapu cha mtu mmoja.

Kisa kinachofaa zaidi kusomwa darasani, kwa maoni yangu, ni kile cha Tyr. Miungu walimlea mbwa mwitu aitwaye Fenrir, mwana wa Loki, naye akakua hadi wakaanza kumwogopa kwa kuwa ilikuwa imetabiriwa angewaangamiza. Walijaribu kumfunga kwa minyororo miwili, akaikata yote. Ndipo mbilikimo wakasokota kamba laini kama hariri kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. (Wanafunzi hucheka hapa, waache wacheke, kisha uwaulize ni kwa nini nyingi ya vitu hivyo havipo.) Fenrir alishuku hila. Akasema atakubali kufungwa iwapo mmoja wao atatia mkono kinywani mwake kama rehani. Miungu wakatazamana. Tyr peke yake akautia. Kamba ilipokaza, miungu wote walicheka ila Tyr, kwa sababu yeye aliupoteza mkono.

Ukisema tu kwamba Tyr ni mungu wa vita, haya yote yamepotea. Anayepewa sifa ya ushujaa hapa ameweka rehani kwa ahadi ambayo wenzake walijua ni ya uongo, na usalama wa wote umejengwa juu ya uongo huo. Je, Tyr ni shujaa au ni mshiriki wa ulaghai? Hilo ni swali la uhakiki, na halina jibu la mkato.

Kifo cha Baldur, mwana wa Odin na Frigg, hakihitaji maelezo marefu kwa mwalimu wa Kiswahili, kwani motifu yake tunayo kwetu. Frigg aliapisha kila kitu kisimdhuru mwanawe: moto, maji, chuma, mawe, miti, maradhi, wanyama na sumu. Aliacha kirukia, ule mmea umeao juu ya matawi ya miti mingine, kwa kuuona mchanga mno kuapa. Loki akajigeuza mwanamke, akamdadisi mama mtu, akaipata siri. Kisha akamtia kijiti cha mmea huo mkononi Höd, ndugu kipofu wa Baldur, akamwelekeza pa kurusha. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913, vilevile hufa kwa kitu kimoja tu, sindano ya shaba kitovuni, na kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, usiishie kwenye mfanano. Mwana wa Liyongo alijua alitendalo na alishawishiwa kwa ahadi ya cheo. Höd hakujua lolote. Hatia katika kisa cha Baldur inamwangukia aliyeelekeza mkono.

Wanafunzi waliotazama filamu ya Thor iliyotolewa Marekani mwaka wa 2011 watakuambia kuwa Loki ni ndugu wa kulelewa wa Thor. Katika mashairi ya kale, Loki alichanjiana damu na Odin. Yeye ni ayari, lakini tofauti na Sungura wa ngano zetu, ambaye aghalabu hukimbia akicheka, Loki hulipa. Alifungwa kwenye miamba kwa matumbo ya mwanawe, nyoka akiwekwa juu yake amdondoshee sumu usoni. Mkewe, Sigyn, hukinga sumu kwa bakuli. Kila anapokwenda kulimwaga, matone humfikia Loki naye hugutuka kwa uchungu, na hiyo, wasema wasimulizi, ndiyo asili ya matetemeko ya ardhi. Hiki ni kisasili cha usuli kwa maana kamili, tena katika kisiwa ambacho ardhi yake hutetemeka mara kwa mara.

Sasa utaona kwa nini nimeng'ang'ania swali la alitoa nini. Katika vita vya mwisho, Ragnarök, madeni yote hudaiwa. Freyr alikuwa amempa mtumishi wake upanga ili amposee Gerd, binti wa majitu; siku hiyo anamkabili Surt wa moto bila upanga ule, na anauawa. Fenrir aliyefungwa kwa hila anakatika kamba na kummeza Odin. Thor anamuua joka kuu la bahari, anapiga hatua tisa, kisha anaanguka kwa sumu yake. Odin alikuwa amekwisha kuyajua haya. Jicho alilolitoa lilimnunulia ujuzi wa kifo chake, wala halikumnunulia njia ya kukikwepa.

Masimulizi hayakomi hapo. Ardhi huibuka tena baharini ikiwa ya kijani, Baldur na Höd hurudi pamoja kutoka kuzimu, na wachache waliosalia hukuta majanini kete za dhahabu walizochezea miungu wa zamani. Baadhi ya wahakiki wanashuku athari ya Ukristo katika ufufuo huu, wengine wanauona kuwa wa kale. Wape wanafunzi sehemu hii mwishoni, pamoja na jina la Snorri na mwaka wa 1220, uwaache wabishane.